Jibu: Wazee wanne chini ya Kiti cha Petro

Salamu ndugu. Umeuliza wale wazee wanne wa bronzi kwenye altare ya mwisho kabisa, ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro kule Vatikano, ni akina nani, na kama kweli ndio waliokibeba kile Kiti cha Petro, ishara ya mamlaka ya Papa, kilicho juu yao.

Anza na vichwa. Wawili wa mbele wamevaa mitra, kofia ndefu ya kiaskofu: ni Ambrosi na Agostino, walimu wa Kanisa la Magharibi. Wa nyuma, vichwa wazi, ni Atanasi na Yohane Krisostomu wa Mashariki. Agostino na Atanasi ni watu wa Afrika, jambo lililonigusa sana nilipokuwa nimesimama pale.

Kubeba, hapana. Tazama mikono yao: imeshika tepe tu, wala hakuna msuli uliokaza. Mchongaji Bernini, aliyeitengeneza kazi hii yote kati ya 1657 na 1666 kwa agizo la Papa Aleksanda VII, alitaka kiti kielee mawinguni. Na hicho unachokiona ni ganda. Ndani yake mna kiti cha mbao cha karne ya 9, ambacho mwaka 2024 kilitolewa nje, waumini wakakiona.

Ukirudi, nenda alasiri. Asubuhi nilikuta bronzi imefifia. Nilirudi saa kumi, jua likapenya dirisha lenye picha ya njiwa lililo juu ya kiti, na mikunjo ya mavazi yao ikawaka dhahabu mmoja mmoja.