Vazi Libaki Kazini: Kurekodi Kichekesho na Wenzako wa Bustani ya Burudani

Wanaovaa mavazi ya vikaragosi kwenye bustani za burudani huku Ghuba huniuliza swali lile lile: tunataka kurekodi video ya kuchekesha na wenzetu, tuanzie wapi? Nimefanya kazi hiyo Abu Dhabi, ndani ya dubu ambaye sitamtaja jina, na jibu langu huwakata wengi stimu. Anzeni kwa kuliacha vazi kazini.

Kwanza ni suala la ugali wenu. Mikataba mingi inakataza kupiga picha nyuma ya pazia, na dubu aliyevuliwa kichwa anaweza kumrudisha mtu nyumbani kabla hajamaliza kumlipa wakala. Kikaragosi chenyewe si chako, kina mwenye hakimiliki. Halafu kuna sheria ya nchi, kwetu Falme za Kiarabu: Sheria ya Shirikisho namba 34 ya 2021 kuhusu uhalifu wa mitandao, iliyoanza kutumika Januari 2022, inaweza kukutia hatiani kwa kumpiga mtu picha au kuisambaza bila ridhaa yake. Kwa hiyo hata mwenzako anayekatiza nyuma akiwa na taulo, muulize kwanza. Watoto wa wageni wasionekane kabisa.

Lakini hata kama mngeruhusiwa, bado ningesema muache vazi, kwa sababu bila hilo mnachekesha zaidi. Ndani ya kichwa kile unaona kupitia wavu mdogo tu, mara nyingi uliofichwa mdomoni mwa kikaragosi. Miguu yako huioni, na mtoto aliyekufikia kiunoni humwoni pia; ndiyo maana msindikizaji hakuachi mkono. Husemi neno. Kukubali ni kuinamisha kiwiliwili chote, kucheka ni kutikisa mabega umeshika tumbo, kusikitika ni kushusha mikono mpaka magotini. Mwili ukishazoea, utajikuta mezani unaomba chumvi kwa kupunga.

Sasa mchukue mtu huyo, mvalishe fulana na kandambili, mpeleke jikoni kwenye nyumba ya wafanyakazi akasonge ugali. Ajifanye ana vidole vinne vinene kama vya kikaragosi. Mwiko haushikiki, unga unamwagika, naye anaupungia mkono kwa furaha. Au geuzeni meza ya chakula iwe dirisha la kutuma pesa nyumbani: karani anaomba kitambulisho, mteja anampulizia busu.

Hapo karani ndiye wa muhimu kuliko wote. Lazima mmoja abaki mtu wa kawaida, tena mzito, asiyeona lolote la ajabu. Sisi tulikuwa na Mganda ambaye hacheki hata umtekenye, na tulimpa kazi hiyo kila mara. Wote mkichekesha, mtazamaji hana pa kusimama.

Simu iwekwe mahali pamoja, mbali kiasi cha kuonyesha miguu. Fanya tendo moja, tulia, ndipo ufanye jingine. Ukiunganisha matatu kwa mpigo hakuna atakayeliona hata moja. Anayerekodi ajizuie kucheka. Maneno hamyahitaji: timu zetu zina Wanepali, Wafilipino, Wahindi na sisi, na kichekesho cha Kiswahili kikitafsiriwa kwa Kiingereza hufia njiani. Kelele za sufuria zinatosha. Dakika moja, basi.

Vya kuchekesha havitakosekana. Joto la kiangazi linapita digrii 40. Kuna wanaovuta mkia, na wabaya si watoto, ni vijana wa kiume wanaokupiga ngumi tumboni wajue kama kuna mtu. Na mwaka 2001 wenzetu wa Walt Disney World, Florida, walipigania kupitia chama chao, Teamsters, wakapata haki ya kila mmoja kuwa na nguo zake za ndani za kazini. Awali walivaa za kugawana, zilizofuliwa na kampuni. Kisa kama hicho hakihitaji kuongezwa chumvi.

Wageni waliolipa tiketi msiwaguse, wala mavazi yao, wala lafudhi zao. Na ule utani wetu wa makabila uacheni nyumbani. Mnepali huna utani naye. Hajui kwamba anatakiwa kucheka.

Mkimaliza, kila aliyeonekana aitazame video nzima kabla haijapandishwa, na akikataa, sehemu yake ikatwe bila mjadala. Mkubaliane mapema pia itapanda kwenye akaunti ya nani, na ikileta chochote kitagawanywaje. Video ikishapendwa, kila mtu hukumbuka kuwa wazo lilikuwa lake. Sisi tuliyaandika hayo kwenye kundi letu la WhatsApp, kila mmoja akajibu ndiyo, na ujumbe huo bado tunao.