Maswali ya Wasomaji: Barabara Kuu za Uingereza Kutoka Angani Hadi Ukutani

Picha yangu inaonyesha ujenzi wa barabara ya M1 mwaka 1959, imepigwa wima kutoka ndegeni, yaani kamera ikitazama chini moja kwa moja. Kila anayeitazama anadhani tuta la barabara ni mtaro, na mahali kilima kilipokatwa anaona kama ukuta. Je, ilichapishwa kinyume?

Haikuchapishwa kinyume, imetundikwa juu chini. Jicho huchukulia kwamba mwanga unatoka upande wa juu wa picha. Uingereza jua la mchana huwa kusini, kwa hiyo vivuli huangukia kaskazini. Ukiiweka kaskazini juu, kama ramani, mwanga unakuwa unatoka chini, na kilichoinuka kinaonekana kimezama.

Tafuta kivuli cha kitu usichoweza kukikosea, kwa mfano mti uliosimama peke yake. Zungusha picha hadi kivuli hicho kikuelekee wewe unayetazama. Tuta litainuka papo hapo. Utaona pia mistari ya matairi ya mitambo ya kubeba udongo, na madaraja yaliyokamilika kabla barabara haijayafikia, yamesimama katikati ya mashamba bila kuunganisha chochote. Hayo ndiyo yanayotufanya tuzipende picha za 1958 na 1959 kuliko za baadaye: sehemu ya kwanza ya M1 ilipofunguliwa tarehe 2 Novemba 1959, mandhari hayo yalikuwa yamekwisha.

Mwambie fundi wa fremu asikate ukanda wa pembeni wenye saa, kipimo cha urefu wa ndege na namba ya picha, kama upo. Maandishi yake yatakuwa yamepinduka. Yaache hivyo hivyo. Ndiyo cheti cha kuzaliwa cha picha.

Nina picha ya karatasi ya sentimita 20 kwa 25. Naweza kuikuza ifike upana wa mita moja?

Unaweza, lakini hutaipenda ukiikaribia. Ukiiskani kwa nukta 600 kwa inchi unapata takriban pikseli 6,000 upande mrefu. Kwa uchapishaji mzuri wa pikseli 300 kwa inchi, hiyo ni sentimita 50 tu. Kwa mita moja unabaki na 150, na matingatinga yanageuka madoa. Kuskani kwa nukta 1,200 hakusaidii sana, maana karatasi yenyewe haina undani zaidi ya hapo. Unachokuza ni chembechembe na mikwaruzo.

Rudi kwenye negatifu, yaani filamu ya awali iliyotumika kuchapisha picha hiyo. Negatifu za picha za wima mara nyingi ni sentimita 23 kwa 23: zikiskaniwa kwa nukta 1,200 hutoa karibu pikseli 10,800, yaani sentimita 90 kwa ubora kamili. Kwa Uingereza yenyewe (England), anza na hifadhi ya Historic England iliyoko Swindon. Inatunza picha za kampuni ya Aerofilms na za John Laing, mkandarasi aliyejenga sehemu kubwa ya M1 ya mwanzo. Kwa Scotland, uliza National Collection of Aerial Photography, Edinburgh. Unapoagiza, taja wazi kwamba unataka skani ya negatifu, na faili la TIFF (aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha) lisiloongezwa ukali wa mistari kwa kompyuta. Picha za angani hupauka kwa sababu ya utusitusi wa hewa, na fundi mwenye haraka huongeza weusi mpaka sehemu zenye kivuli zinakuwa nyeusi tupu. Ongeza utofauti wa weusi na weupe kidogo kidogo, katika rangi za kati tu.

Picha imejikunja mawimbi ndani ya fremu, na kona moja imegandia kioo.

Imebanwa pande zote nne, tena imegusa kioo. Karatasi hutanuka hewa ikiwa na unyevu. Isipopata pa kwenda, hujikunja. Nayo gelatini ya picha za zamani hulainika kwa unyevu na kushikana na kioo.

Usiibandue kwa nguvu. Kama ni nakala halisi ya zamani, iache na kioo chake na umpelekee mtaalamu wa kuhifadhi picha. Kama ni chapa mpya, chapisha upya, kisha uishikize kwa bawaba mbili za karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, upande wa juu tu, wala si kwa selotepu. Weka mbele yake kadibodi isiyo na asidi iliyokatwa dirisha, nene angalau milimita 2, ili picha isiguse kioo. Hakikisha fremu ina kina cha kutosha kwa kioo, kadibodi, picha na ubao wa nyuma. Milimita 12 inatosha. Kioo cha milimita 2 chenye ukubwa wa sentimita 100 kwa 70 kina uzito wa kilo 3.5 peke yake, kwa hiyo tumia kulabu mbili.

Nikimiliki nakala ya zamani, naweza kuchapisha zaidi na kuuza?

Hapana, si bila ruhusa. Kumiliki karatasi si kumiliki hakimiliki. Nchini Uingereza haki hiyo kwa kawaida hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mpigapicha, ingawa picha za serikali zina muda wake. Omba leseni kwa mwenye haki. Kutundika nakala uliyonunua hakuna tatizo.

Picha ya rangi ya makutano ya Spaghetti Junction, Birmingham, ya 1972, imekuwa nyekundu.

Rangi ya samawati-kijani ndiyo iliyofifia. Katika karatasi nyingi za miaka hiyo hufifia hata gizani. Nakala hiyo haiwezi kurudishwa ilivyokuwa. Iskani, sahihisha rangi kwenye kompyuta ukianzia na lami na zege, ambavyo vilikuwa kijivu, kisha utie fremu chapa mpya ya wino wa pigimenti. Ile ya zamani ihifadhi mahali pakavu, penye baridi na giza.