Waulize Wahudumu: Sadaka Inapofika Kambini

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu wakimbizi wa Kongo na Burundi walioko mkoani Kigoma. Zilizofanana tumeziunganisha. Moja imetoka mbali kidogo, tumeiweka mwisho.

Bwana Yesu asifiwe. Vijana wa usharika wetu wamekusanya nguo, unga na maharage, na tunataka kuvipeleka Nyarugusu mwezi wa nane. Lori tumeshapata. Tuanzie wapi?
*Katibu wa vijana, Dodoma*

Amina, ndugu katibu. Lori liwekeni kando kwanza, muanze na karatasi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongomani waliokimbia vita ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na Warundi waliongezeka kuanzia 2015. Haiingiwi kama mnadani. Kibali hutolewa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, na mkifika mnajitambulisha kwa mkuu wa kambi. Barua ya usharika itaje majina ya wasafiri wote, namba zao za kitambulisho cha taifa (NIDA), namba ya gari, tarehe, na kila kitu mnachobeba kwa idadi na uzito. Ipelekeni wiki kadhaa kabla. Mkiongeza watu wawili njiani ambao majina yao hayamo, mtakwama getini, na mnaostahili lawama ni ninyi.

Wakati kibali kinashughulikiwa, ulizeni kinachohitajika. Ofisi ya Caritas ya jimbo, yaani shirika la misaada la Kanisa Katoliki, au TCRS, shirika la Kikristo ambalo limehudumia wakimbizi nchini tangu 1964, zitawaelekeza vizuri kuliko picha za mitandaoni. Tunatabiri hamtaambiwa unga. Chakula cha kila mwezi hugawiwa na WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, kwa kadi ya familia, na mgao kamili hulenga kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Fedha za wafadhili zikipungua, mgao hukatwa. Pengo hilo ni kubwa mno kwa magunia yenu kumi. Maharage makavu nayo yana mtego wake, maana hula kuni nyingi, na wanaokwenda kuokota kuni porini ni wanawake na wasichana, ambao wengine hushambuliwa huko. Kama mmeshayanunua, toeni pamoja na sufuria yenye mfuniko na mkumbushane kuyaloweka usiku kucha ili yaive upesi.

Kitu ambacho usharika mmoja unaweza kukifanya kikamilike ni sabuni. Kipimo kinachotumika katika huduma za dharura ni gramu 450 kwa mtu kwa mwezi: 250 za kuoga, 200 za kufulia. Familia 100 zenye wastani wa watu watano ni watu 500, kwa hiyo ni kilo 225. Pimeni miche kwa mzani, msiamini karatasi ya nje, kwani sabuni hupungua uzito ikikauka. Nunueni Kasulu mjini. Kusafirisha sabuni kutoka Dodoma ni kuchoma sadaka kwenye dizeli, na mfanyabiashara wa Kasulu anayeona kambi inamletea wateja hana sababu ya kuichukia.

Nguo. Zimwageni zote sakafuni na mzichague upya. Ondoeni nguo za ndani zilizovaliwa, viatu virefu, suti, fulana za kampeni za chama chochote, na kila chenye madoadoa kama sare ya jeshi, ambayo raia haruhusiwi kuvaa. Zilizobaki zifungwe kwa jinsia na umri, kila furushi liandikwe kwa kalamu nzito. Mkiweza kununua kitu kipya kimoja tu, nunueni vitenge. Kitenge humbeba mtoto, hutandwa, hutandikwa, na mama akizidiwa hukiuza.

Sasa ugawaji, ambako nia njema nyingi hufia. Vurugu huanza pale watu wa nyuma wasipojua kama vitu vitawafikia. Kwa hiyo msigawe kwa "watakaowahi". Chagueni kundi mnaloweza kulimaliza lote, kwa mfano akina mama wote wenye watoto wachanga katika kijiji kimoja cha kambi, na muwahesabu kabla ya kununua. Gaweni kwa vichwa, si kwa kaya, la sivyo mseja na mama wa watoto wanane watatoka na furushi lile lile. Siku moja kabla, tundikeni ubao wenye nani anapata, nini, kiasi gani, saa ngapi. Meza moja iwe na watu watatu: wa kusoma kadi, wa kukabidhi, wa kuchukua sahihi au dole gumba. Kamba mbili za kuongoza foleni, kivuli, pipa la maji ya kunywa. Wajawazito, wazee na wenye ulemavu watangulie. Kamwe msirushe kitu kutoka juu ya lori.

Majina ya wanaostahili msiyaandike wenyewe. Mnakumbuka Matendo 6: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku, manung'uniko yakazuka, wakachaguliwa watu saba. Angalieni majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao. Yote ni ya Kiyunani. Waliolalamika ndio waliokabidhiwa meza. Kamati yenu nayo iwe ya wakimbizi wenyewe, Wakongomani na Warundi, na wanawake wasipungue nusu. Tena kila anayegawa ajue kwamba kuomba chochote badala ya furushi, hata namba ya simu ya binti, ni kosa la kufukuzwa siku hiyo hiyo.

Je, tunaweza kufanya mkutano mfupi wa injili kabla ya kugawa? Na picha za kuwaonyesha waumini waliochangia?
*Mwinjilisti, Mwanza*

Kuhubiri na kugawa, mwinjilisti, vipangwe siku mbili tofauti, mahali pawili tofauti. Tangu 1994 Msalaba Mwekundu na mashirika mengi ya misaada, yakiwemo ya kikanisa, yana kanuni kwamba msaada hautatumika kuendeleza msimamo wa kisiasa wala wa kidini. Hata kanuni hiyo isingekuwepo, fikiri juu ya mama Mwislamu kutoka Burundi aliyesimama foleni kwa ajili ya sabuni. Akiinua mkono kuokoka, wewe utajuaje ameinua kwa lipi?

Halafu kuna jambo linalosahaulika na wengi wanaotoka mijini. Kambi ile ina makanisa, wachungaji, makatekista, na kwaya ambazo huenda zikaziaibisha za kwenu. Nendeni Jumapili kama wageni, mkae mwalikwe. Mkitaka kupeleka Biblia, ulizeni lugha kwanza: Kirundi, Kiswahili au Kifaransa. Shehena ya Biblia za Kiswahili haimsaidii bibi asomaye Kirundi tu.

Picha za nyuso, hapana. Kuna waliokimbia watu wanaowafahamu kwa majina, na picha iliyowekwa kwenye kundi la WhatsApp la usharika haiishii humo. Pigeni picha ya mafurushi, ya ubao, ya risiti ya Kasulu. Waumini wanataka kujua hela yao imefika, na risiti inatosha kulisema hilo. Anayedai lazima aone mama analia akipokea, msomeeni Mathayo 6:3.

Mfadhili wetu ametoa katoni 40 za maziwa ya kopo kwa watoto wachanga. Tuyapeleke?
*Umoja wa Wanawake, Tabora*

Hapana, akina mama. Kopo linahitaji maji yaliyochemka, kuni za kuyachemshia, chupa inayosafishika, na kopo lingine likiisha. Kimoja kikikosekana mtoto huharisha, na wakati huo maziwa ya mama yameshaanza kupungua kwa kutonyonywa. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za mwaka 1981 zilibana utangazaji na ugawaji holela wa bidhaa hizi. Yatima au mtoto ambaye mama yake hawezi kunyonyesha aangaliwe na wauguzi wa kitengo cha lishe, mmoja mmoja. Mwambieni mfadhili hivyo bila kuzunguka, na mumwombe abadilishe katoni ziwe ndoo zenye mfuniko na bomba. Mama anayenyonyesha apewe chakula, maji ya kunywa na mahali pa faragha pa kukaa.

Nilipokuwa nasaidia kusajili watoto wa shule ya Jumapili, mama mmoja alianza kunieleza mambo aliyofanyiwa njiani. Nilishindwa la kusema nikamwombea tu. Nilikosea?
*Mwanakwaya, Kibondo*

Kumwombea hukukosea, dada, ikiwa alitaka. Mwulize kwanza, na usimwekee mikono bila ruhusa: aliyeshikwa kwa nguvu anaweza kuruka kwa woga akiguswa begani.

Mafunzo ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia yana maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama mahali ni salama na kama ana jeraha au njaa. Sikiliza anachosema yeye mwenyewe, bila kumchimba. Maswali ya "walikuwa wangapi?" au "ulikuwa umevaa nini?" si yako. Neno linalofaa ni fupi: "Pole sana. Nashukuru umeniambia. Halikuwa kosa lako." Usimwambie Mungu ana makusudi, wala usimhimize asamehe leo. Zaburi ya 88 imo katika Biblia, na inaishia gizani bila faraja yoyote. Akitaka kusomewa neno, hiyo inamheshimu kuliko mahubiri.

Kuunganisha ndipo saa zinapohesabika. Kama amebakwa, dawa za kuzuia VVU huanza ndani ya saa 72 na mapema zaidi ni bora, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Kwa hiyo usingoje ibada iishe. Msindikize kituo cha afya cha kambi, akikubali. Hata kama miezi imepita, huduma bado ipo. Usiahidi "sitamwambia mtu yeyote" kabla hujajua atasema nini, hasa akiwa mtoto. Wala usimwite baadaye atoe ushuhuda mbele ya kanisa.

Na mtoto aliyefika peke yake usimchukue kwako, hata kwa upendo. Mpeleke kwa wahusika wa ulinzi wa watoto kambini. Msalaba Mwekundu una kazi maalumu ya kutafuta ndugu waliopotezana, na mtoto aliyehamishwa kimya kimya hapatikani.

Familia ya Kikongo ilibisha hodi kanisani usiku, wametoka ziwani. Tumewalaza darasani. Tunavunja sheria?
*Mzee wa kanisa, mwambao wa Kigoma*

Kuwalaza na kuwalisha si kosa, mzee. Kosa ni kuwaficha. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka aingiaye kuomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku saba kwa ofisa husika, kwa mtendaji wa kijiji au kwa mlinzi wa amani. Kesho asubuhi mwiteni mtendaji, na mmoja wenu abaki nao wakati wanahojiwa. Andikeni tarehe na saa waliyofika. Msiwasafirishe kwenda mjini kwa gari la kanisa. Dereva ndiye atakayekamatwa.

Kuna mtoto anayeharisha? Kama pakiti za ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, hazipo, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote visawazishwe, visijae kwa kilima. Chumvi ikizidi inadhuru. Akiharisha majimaji meupe kama maji ya mchele, mpelekeni zahanati usiku huo huo. Mwaka 2015 Warundi walipobanana Kagunga, kijiji cha ufukweni karibu na mpaka wa Burundi, kipindupindu kililipuka wakati bado wanasubiri meli ya Liemba iwavushe kwenda Kigoma.

Niko Marekani. Kanisa letu limepokea familia za Wabembe, kabila la Kongo, kutoka Nyarugusu, na kwa kuwa mimi ni Mtanzania naombwa kutafsiri kila mahali, hata hospitali.
*Msomaji, Ohio*

Sokoni, shuleni na kwa mwenye nyumba, tafsiri. Hospitali inayopokea fedha za serikali ya shirikisho inapaswa kuleta mkalimani bila malipo, na kazi yako ni kumsaidia mgonjwa kumdai. Kiswahili chako na chake vinafanana hadi vinapotengana: wengi wao hutaja fedha na tarehe kwa Kifaransa. 

Ikibidi utafsiri, sema kwa nafsi yake, "tumbo linaniuma," usiseme "anasema tumbo linamuuma," na usiongeze wala kupunguza. Mtoto wake asitafsiri, hata kama Kiingereza chake kimekupita. Usishangae karatasi za familia nzima zikisema wamezaliwa tarehe 1 Januari. Ndivyo huandikwa tarehe isipojulikana. Barua ya deni la tiketi ya ndege nayo si utapeli: mkopo huo hulipwa kidogo kidogo, bila riba.

Angalia sana saa za dawa. Daktari akisema saa nane usiku kwa hesabu ya Kiingereza, kwetu ni saa mbili usiku, na kuna Mkongomani atakayekuelewa hivyo na mwingine atakayeihesabu kwa Kifaransa. Achana na namba. Sema "kimoja baada ya chai ya asubuhi, kimoja kabla ya kulala", kisha mwambie akurudishie kwa maneno yake huku ameshika kichupa mkononi.