Unayeanza etimolojia, yaani elimu ya asili ya maneno, usiamini mfanano: kisa cha wrought

Wanafunzi wengi wanaoingia kwenye historia ya Kiingereza huanza kwa kufananisha. Mtu akikutana na wrought kwenye Biblia ya King James ya 1611, haraka huiunganisha na wreak, yaani kuleta madhara au kulipiza kisasi, kwa kuwa zote zinaanza na wr na zote huandamana na habari za maangamizi. Si kweli. Wrought ni wakati uliopita wa work.

Utajuaje? Fungua Oxford English Dictionary, kamusi kubwa ya historia ya maneno ya Kiingereza, ile iliyoanza kuchapishwa sehemu kwa sehemu mwaka 1884 na kukamilika 1928, usome mifano kwa kufuata miaka yake. Rudi nyuma hadi Kiingereza cha Kale. Wreak huko ni wrecan, na wakati wake uliopita ni wræc, hauna t hata moja. Work ni wyrcan, na wakati wake uliopita ni worhte.

Hapo kwenye worhte tulia, uitazame herufi kwa herufi. R imekaa baada ya irabu. Baadaye ikahamia mbele yake, tukapata wrohte, na hatimaye wrought. Ile h ilikuwa ikitamkwa kwa kukwaruza koo. Ndiyo gh tunayoiandika leo bila kuitamka.

Lakini badiliko la sauti usilikubali kwa mfano mmoja. Nalisisitiza hili kuliko yote. Tafuta lilipotokea tena: bright ilikuwa beorht, wyrhta, yaani fundi, ndiye wright aliyemo ndani ya shipwright na playwright, na ni wa ukoo huohuo wa work. Kwingine r ilikwenda upande wa pili: bird ilikuwa bridd, third ilikuwa þridda (þ husomwa th). Ukishaona hayo, una hoja ya kusimamia.

Kisha worked ikaenea, wrought ikabaki kwenye matumizi machache kama wrought iron, chuma cha kufuliwa. Na hapa kuna mtego mwingine. Tarehe 24 Mei 1844, Samuel Morse alituma kwa telegrafu, kutoka Washington kwenda Baltimore, maneno What hath God wrought, yaani Mungu ametenda nini. Usiuchukue ujumbe huo kuwa ushahidi kwamba Wamarekani wa 1844 walizungumza hivyo mitaani. Ni maneno ya Biblia ya King James, kitabu cha Hesabu 23:23, neno kwa neno. Kwenye daftari lako, kando ya kila mfano, andika mwaka, aliyeandika, na kama alikuwa ananukuu.