Tone kwa tone: kwa mnaoanza kuchambua chumvi maabara

Wadogo zangu mlioingia Kidato cha Tatu, na ninyi wa Tano mnaodhani mambo haya mlishamalizana nayo: mimi ndiye ninayepima sampuli zenu za chumvi mnazotakiwa kuzitambua, kuzifunga kwenye vikaratasi na kuziandika herufi. Kilichomo nakijua kabla hamjaingia, kwa hiyo nikipita kati ya meza sihangaiki na majibu yenu. Natazama mkono ulioshika dropa.

Mkono huo unawaangusha wengi kuliko kanuni zote za darasani. Chukua zinki salfeti. Maelekezo yanasema utie mmumunyo wa sodiamu haidroksaidi tone kwa tone, kisha uzidishe. Mwenye haraka anamimina nusu tyubu kwa mpigo mmoja, anatikisa, anaona maji yasiyo na rangi, anaandika "hakuna mabadiliko". Mabadiliko yalikuwepo. Mashapo meupe yalitokea yakayeyuka hapo hapo, maana haidroksaidi ya zinki haikai kwenye alkali (hapa ni sodiamu haidroksaidi) iliyozidi. Tia tone, tikisa, tazama. Tia jingine. Ukishaona weupe kama tui, ndipo uanze kuzidisha.

Chumvi zenye rangi hazisumbui sana. Shaba inajitangaza: mashapo ya bluu, na ukizidisha amonia yanayeyuka na kuacha mmumunyo wa bluu iliyokolea ambao hauusahau. Chuma (III) hutoa kahawia yenye wekundu, chuma (II) kijani chafu. Hicho kijani kiache kwenye kishikio dakika chache. Juu, panapogusana na hewa, kitaanza kugeuka kahawia, na hilo nalo liandike.

Kazi ipo kwenye nyeupe. Zinki, alumini, risasi, magnesiamu na kalsiamu, zote hutoa mashapo meupe kwa sodiamu haidroksaidi, kwa hiyo neno "meupe" peke yake halijakuambia kitu. Zidisha alkali: magnesiamu na kalsiamu zitabaki palepale, tatu za mwanzo zitayeyuka. Sasa chukua sampuli mpya kwenye tyubu safi (usiendelee na ile ile, nawaona) urudie kwa amonia. Zinki itayeyuka tena ukizidisha. Alumini na risasi hazitayeyuka. Kalsiamu kwa kawaida haitoi mashapo yoyote kwa amonia, na hapo ndipo inapoachana na magnesiamu. Kutoona kitu ni jibu pia, ilimradi umetia kidogo kidogo na kusubiri.

Kutenganisha alumini na risasi ndiyo testi ninayoipenda kuliko zote. Matone mawili matatu ya potasiamu ayodaidi: kama ni risasi, tyubu inageuka manjano kali papo hapo. Usiishie hapo. Ongeza maji safi, pasha moto polepole, manjano yote itapotea na kubaki maji matupu. Weka tyubu kando ipoe. Vipande vidogo vya dhahabu vitaanza kushuka vikimetameta. Baada ya hapo usiimwage kwenye sinki. Risasi ni sumu, mimina kwenye chupa ya taka niliyoiweka mezani, na unawe mikono kabla ya kugusa andazi.

Upande wa anayoni, yaani sehemu ya chumvi yenye chaji hasi kama kloraidi na salfeti, tatizo kubwa ni kujipima mwenyewe badala ya sampuli. Unatafuta kloraidi kwa silva naitreti, halafu unaongeza asidi ya hidrokloriki. Kloraidi umeileta wewe! Hapo asidi ni ya naitriki, na kazi yake ni kuondoa kaboneti, ambayo nayo hutoa mashapo na silva. Kwa salfeti na bariamu kloraidi, asidi ya hidrokloriki inafaa: mashapo yakibaki baada ya asidi, ni salfeti. Maji ya bomba nayo yana kloraidi, na ya visima vingi vya pwani ndiyo usiseme. Ukiwa na shaka, weka maji matupu unayoyatumia kwenye tyubu, dondoshea silva naitreti, uone kama yanatia ukungu. Na silva naitreti ikikugusa kidole, utatembea na doa jeusi siku kadhaa.

Testi ya mwali, ya kuchoma chembe ya sampuli kwa waya na kutazama rangi ya moto, ni ya haraka lakini ina hila. Jasho la vidole vyako lina sodiamu, na manjano ya sodiamu hufunika zambarau hafifu ya potasiamu. Choma waya kwanza mpaka mwali usibadilike rangi, halafu tazama kupitia kioo cha bluu.

Safu ya "kilichoonekana" ndiyo wanayopotezea alama hata wenye akili. "Kaboni dayoksaidi ilitoka" hukuiona. Uliona mapovu, gesi isiyo na rangi, na maji ya chokaa yakageuka kama maziwa. Andika hayo, jina la gesi liende safu ya tatu, ya hitimisho. Andika palepale, kabla hujashika tyubu nyingine. Ukipasha zinki kaboneti kwenye tyubu kavu, masalia ni manjano yakiwa ya moto na meupe yakipoa, na anayeandika baadaye anakumbuka rangi moja tu.

Kama mnataka mazoezi kabla ya mtihani, njooni na kipande cha shabu, ile wanayosafishia maji, inauzwa sokoni. Isage, iyeyushe, tafuta ayoni zake. Kationi, zile zenye chaji chanya, zipo mbili, siyo moja, na ya pili haitoi mashapo kwa alkali yoyote mezani. Sodiamu haidroksaidi nitawapa mimi. Miwani mje nayo.