Maswali ya Wasomaji: Mpira wa Meza na Raketi ya Anayeanza

SWALI: Ndugu Mhariri, nina miezi mitatu tangu nianze kujifunza mpira wa meza. Kwa ushauri wa muuzaji nilinunua raketi ya kasi yenye sponji nene, lakini mipira yangu mingi inatoka nje ya meza. Je, kosa ni la raketi au la mkono wangu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, mkono wako bado haujakomaa, jambo la kawaida kwa miezi mitatu, na raketi hiyo haiupi nafasi ya kukomaa. Meza ina urefu wa mita 2.74 na mpira una uzito wa gramu 2.7 tu, kwa hiyo raketi yenye ubao wa kasi na sponji nene humtoroka mtu ambaye hajazoea kuinamisha raketi kidogo wakati wa kupiga. Sheria inaruhusu raba, yaani ngozi inayobandikwa juu ya ubao, pamoja na sponji iliyo chini yake kufikia unene wa milimita 4, lakini anayeanza inamfaa zaidi sponji ya milimita 1.5 hadi 1.8, juu ya ubao wa mwendo wa wastani.

Sasa tuje kwenye mkono wenyewe. Ishike raketi kama unavyompa mtu mkono wa salamu, kidole cha shahada kikilala pembezoni mwa raba ya nyuma, bila kukaza. Kunja magoti kidogo, na kama unatumia mkono wa kulia, mguu wa kulia urudi nyuma kidogo. Katika pigo la mbele, kinachoanza kugeuka ni kiuno. Raketi huanzia ubavuni, huukuta mpira mbele ya mwili ukiwa umefika kilele cha mdundo wake, na huishia karibu na paji la uso. Wengi huuvuta mkono hadi nyuma ya mgongo, na hapo ndipo mpira huwawahi. Mwombe mwenzako mpigiane kwa mshazari, taratibu, mpaka mfikishe mapigo 50 bila kukatika, ndipo uongeze nguvu.

Ukiwa peke yako, fanya mazoezi ya kuanzisha mpira: uweke kwenye kiganja kilicho wazi, nyuma ya ukingo wa meza, kisha urushe juu angalau sentimita 16.

Raketi yako usiitupe. Ikiwa ubao wenyewe si wa kasi mno, raba zinaweza kubanduliwa na kubandikwa nyingine nyembamba, kwa gharama ndogo kuliko ya raketi mpya. Kila umalizapo kucheza, zifute kwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu raba yenye vumbi huuacha mpira uteleze.