Tafuta kitongoji kwanza: nilivyowafikia ndugu wa mume wangu Ayalandi

Miezi minane nzima nilimjengea ukoo mtu asiye wetu. Jina lake lilikuwa lilelile la John, baba wa babu yake mume wangu, mwaka wa kuzaliwa uleule, 1868, na kaunti ileile ya Clare, magharibi mwa Ayalandi. Nilimpata katika mti wa ukoo uliochorwa na mtu mwingine mtandaoni, nikaunakili kama ulivyo. Baba mkwe, mzee wa miaka 74, aliyachukua majina yale akayaandika kwa mkono wake nyuma ya Biblia ya familia. Kisha nikaagiza rekodi ya ndoa ya John wetu kutoka hapa Massachusetts, Marekani, nikasoma jina la mama yake, na halikuwa la yule mama niliyemweka kwenye mti. Ilibidi nirudi kwa baba mkwe nimwambie ayafute.

Naandika haya kwa sababu hapa Lowell tuko Wakenya wengi, na wengi wetu tuna watoto ambao upande wa pili wa damu yao ni Ayalandi. Watoto hao upande wetu wanatajiwa majina mpaka kizazi cha sita. Upande wa baba wanaambiwa, "Walitoka Ayalandi, walikuwa na njaa." Mtoto hastahili kupewa nusu ya ukoo kwa majina na nusu kwa uvumi.

Kosa langu lilikuwa kutafuta jina. Ayalandi jina peke yake halikufikishi popote. Majina ya kwanza yalikuwa machache, John, Patrick, Michael, Mary, Bridget, na yalirudiwa kila nyumba. Majina ya ukoo nayo yalibadilika mkononi mwa kila karani. "O" maana yake mjukuu wa, "Mac" maana yake mwana wa, na familia hiyohiyo ingeandikwa na O kanisani, bila O serikalini, kisha ikairudisha kizazi kilichofuata. Ukikataa rekodi kwa sababu ya herufi moja utakuwa umewakataa wako mwenyewe. Kinachotenganisha John na John ni mambo mawili: jina la mama yake kabla hajaolewa, na mahali hasa alipozaliwa.

Na mahali hapo hutapapatia Ayalandi, utapapatia huku walikofikia. Maliza nyumbani kwanza. Massachusetts imekuwa ikiandikisha vizazi, ndoa na vifo tangu 1841, na rekodi za ndoa na vifo mara nyingi hutaja baba na mama. Hati za uraia za kabla ya 1906 husema tu "Ayalandi", kwa hiyo usizitegemee sana. Nenda kanisani. Waayalandi walikuja Lowell kuchimba mifereji ya viwanda tangu 1822, na parokia ya Mtakatifu Patrick ilikuwapo kufikia 1831. Katika daftari la ubatizo usimwangalie mtoto pekee, mwangalie msimamizi wake. Mtu aliyevuka bahari alimchagua mtu wa kwao amsimamie mtoto wake.

Kwetu sisi aliyefungua njia alikuwa mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumtaja mezani. Alisimamia ubatizo wa mtoto wa kwanza wa John, wakiwa na jina moja la ukoo. Alikuwa dada yake. Hakuolewa, alifanya kazi kiwandani maisha yake yote, akazikwa makaburi ya Mtakatifu Patrick. Kaka yake ana jiwe lenye jina na miaka tu. La dada limechongwa jina la parokia, karibu na mji wa Kilrush, kaunti ya Clare. Nililisafisha kwa maji na brashi laini, nikapiga picha, nikakaa pale kwenye nyasi kwa muda mrefu. Kwa hiyo nakusihi: fuata na ndugu za unayemtafuta, hasa wale wasioacha watoto.

Kama hujabahatika na jiwe, kuna kitu kingine. Gazeti la Kikatoliki la Boston, Pilot, lilichapisha matangazo ya watu waliopoteana tangu 1831 hadi 1921. Fulani wa parokia fulani, alishuka bandari fulani, dada yake anamtafuta. Ukiyasoma utasahau kwamba ulikuja kutafuta jina moja.

Sasa tuje kwenye jambo litakalokukatisha tamaa. Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, jengo la Four Courts mjini Dublin liliungua, na nyaraka za nchi zilizokuwa humo zikateketea. Karibu sensa zote za 1821 hadi 1851 zilipotea humo. Za 1861 na 1871 zilikuwa zimeharibiwa na serikali yenyewe, na za 1881 na 1891 zikasagwa kuwa karatasi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu wengi wakifika hapo hufunga kompyuta. Usifunge. Sensa za 1901 na 1911 zipo kamili na zinasomwa bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi. Vizazi, ndoa na vifo vya watu wote viliandikishwa tangu Januari 1864, na picha za vitabu hivyo ni bure katika tovuti ya serikali iitwayo irishgenealogy.ie: vizazi vya zaidi ya miaka 100, ndoa za zaidi ya 75, vifo vya zaidi ya 50. Madaftari ya parokia za Kikatoliki, hadi karibu 1880, yamewekwa wazi na Maktaba ya Taifa tangu 2015. Humo John ni Joannes na James ni Jacobus, kwa sababu mapadre wengi waliandika Kilatini, lakini jina la mama kabla ya ndoa huwa limeandikwa. Ndilo lililomleta John wetu wa kweli. Tarehe yake ya kuzaliwa serikalini ni wiki tatu baada ya tarehe ya ubatizo. Wazazi waliochelewa kuandikisha walisogeza tarehe mbele wasitozwe faini. Aliyebatizwa kabla ya kuzaliwa si kosa la kitabu.

Miaka ya watu pia usiishike sana. Pensheni ya wazee ilipoanza kulipwa Januari 1909 kwa waliotimiza miaka 70, wengi hawakuwa na cheti chochote, wakajiongezea miaka, na ukilinganisha sensa za 1901 na 1911 utawaona watu waliozeeka miaka 14 katika miaka 10.

Mpangilio wa majina ndio ulionigusa zaidi. Mimi ni Mkikuyu. Kwetu mwana wa kwanza hupewa jina la baba yake baba, wa pili la baba yake mama. Waayalandi wa zamani walifanya vivyo hivyo, neno kwa neno. Kwa mabinti wanatofautiana nasi: wao binti wa kwanza humpa jina la mama yake mama, sisi la mama yake baba. Si sheria, lakini nilipoona mtoto wa kwanza wa John ameitwa Michael nilijua nimtafute babu aitwaye Michael, na alikuwepo. Msomaji wa Kimeru au Kiembu atalielewa hili haraka kuliko vitabu vingi vya ushauri vilivyoandikwa huku.

Ukishapata parokia, shuka hadi kwenye kitongoji. Naliita kitongoji kwa kuwa sijaona neno la karibu zaidi. Wenyewe kwa Kiayalandi husema baile fearainn. Ni kipande cha ardhi chenye jina lake na mpaka wake, kingine cha nyumba tatu tu, na nchi nzima viko zaidi ya 60,000. Kati ya 1847 na 1864 Richard Griffith alisimamia kazi ya kuthamini ardhi yote ili itozwe kodi, na kitabu chake kinataja kila mwenye nyumba, kitongoji kwa kitongoji, pamoja na aliyemkodisha. Kwa ukoo wa watu maskini ambao sensa zao ziliungua, hicho ndicho kitabu. Ramani zake zina namba, na namba hiyo inakupeleka kwenye uwanja wenyewe. Katika kitongoji chetu utaona nyumba chache kuliko ramani ya zamani. Eneo la Kilrush lilikuwa miongoni mwa yaliyoumizwa sana na kufukuzwa kwa wapangaji miaka ya Njaa Kuu. Mwishoni mwa 1849 gazeti la London lilichapisha michoro ya nyumba zilizobomolewa huko.

Lakini kitu ambacho watu hawakitumii ni vitabu vya marekebisho vya ofisi hiyohiyo ya uthamini, vilivyowekwa Dublin. Kila shamba lilipobadilisha mkono, karani alikata jina la zamani na kuandika jipya kwa wino wa rangi nyingine, mwaka pembeni, hadi karne ya 20. Unamfuata baba, mjane, mwana, mjukuu, kwa rangi. Hapo ndipo nilipovuka kutoka kwa wafu kwenda kwa walio hai: aliyebaki na shamba la babu alikuwa mdogo wake John, kisha mwanawe, na jina la mwisho lilikuwa la mtu ambaye angeweza kuwa bado anachemsha chai asubuhi ile.

Ipo karatasi moja ambayo lazima niitaje. Sensa ya 1911 iliwauliza wanawake walioolewa miaka ya ndoa, watoto waliozaliwa hai, na walio hai bado. Mama yake John alijibu: 45, tisa, sita. Wawili kati ya hao sita walikuwa Lowell, na hakuwaona tena. Usiku wa kuamkia safari ya kwenda Marekani, watu wa huko walikesha na msafiri kama wanavyokesha na maiti. Nimewahi kusindikizwa uwanja wa ndege na ukoo mzima ukiimba, kwa hiyo karatasi ile niliisoma nikiwa nimesimama.

Kipimo cha DNA ni kizuri, ila kifanye ukiwa tayari na karatasi. Chenyewe kitakupa majina elfu moja ya watu wasiojibu ujumbe. Mpime mzee kuliko wote aliye hai, si mtoto. Damu ya mzee ina vizazi vichache vya kuvuka. Na wengi huniuliza kuhusu pasipoti: sheria inamtazama babu au bibi aliyezaliwa Ayalandi. Baba wa babu ni mbali mno, labda mzazi wako awe alijiandikisha uraia wa Ayalandi kabla hujazaliwa.

Sasa barua. Usikurupuke kupiga simu wala kutuma ujumbe wa "hujambo, mimi ni ndugu yako". Fikiria ungekuwa Murang'a, Kenya, unapigiwa na mgeni kutoka ng'ambo anayeuliza shamba la babu lilirithiwa na nani. Ungefikiri nini? Ungefikiri amekuja kwa ajili ya shamba, na ungemwita wakili. Ardhi Ayalandi ina kidonda cha aina hiyohiyo, ya kunyang'anywa na kugawanywa na ya ndugu mmoja kubaki wengine wakiondoka. Kwa hiyo katika aya ya kwanza nilisema waziwazi kwamba hatutafuti mali wala haki yoyote. Niliandika kwa mkono, kurasa mbili, kwa jina la baba mkwe kwa sababu yeye ndiye mwenye ukoo. Sikuuliza kitu chochote. Nilitoa: picha ya jiwe la dada, picha ya John akiwa mzee na wajukuu, na mti uliochorwa kwa mstari mmoja tu ili wasichanganyikiwe. Hatukuwa na anwani ya uhakika. Wapo watu wa kujitolea katika parokia nyingi, kupitia shirika la Ireland Reaching Out, na mmoja wao alikubali kuuliza kwanza kama wenyewe wangependa kuandikiwa.

Jibu lilichukua wiki kumi na moja. Usiandike barua ya pili kabla ya miezi mitatu kuisha.

Tulikwenda Mei, tukashukia uwanja wa ndege wa Shannon, tukaendesha gari hadi kwa mzee yule ambaye jina lake lilikuwa la mwisho kitabuni. Kitongoji sitakitaja, ni nyumba ya watu. Mzee ana miaka 81, na kwa hesabu ya Kiingereza yeye na mume wangu wanatengana kwa maneno marefu ambayo hata wenyewe huyakosea. Nilimwambia kwamba kwetu hesabu ni fupi: babu zao walikuwa ndugu, basi yeye na baba mkwe ni ndugu, na kwa mume wangu yeye ni baba mkubwa. Alilirudia neno hilo mara mbili. Kisha akatupeleka nyuma ya zizi, kwenye kuta za mawe zilizofika kiunoni, nyumba aliyoondoka John. Baba mkwe aliweka kiganja chake juu ya jiwe la mlango, na hakuna aliyesema kitu.

Jikoni, baada ya chai na mkate, mzee alinieleza kwamba utotoni, ukikutana na mtu mzima njiani, alikuuliza kwa Kiayalandi, "Cé leis thú?" Wewe ni wa nani? Hawakuuliza jina. Nikacheka, kwa sababu cucu yangu, yaani bibi yangu, alituuliza hivyohivyo getini. Mzee akavuta daftari alilotumia kuandika majina ya Lowell, akafungua ukurasa mpya, akanitazama.

"Na wewe," akasema, "ni wa nani?"

Nikaanza kwa baba yangu, nikapanda. Alikuwa akinisimamisha kila jina ili nimtajie herufi.